Maneno ya nguo: mwongozo kwa anayeanza kupeleka mizigo Bujumbura

BUJUMBURA – Mteja wa Mutanga Sud anapoagiza nguo, mara nyingi huzitaja kwa majina ya Kifaransa. Muuzaji wa Kariakoo huipokea oda hiyo kwa Kiswahili. Lebo iliyoshonwa ndani ya nguo, hasa ikitoka Guangzhou au Dubai, huwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, mfanyabiashara mpya anaweza kupoteza mtaji bila kuibiwa na mtu yeyote. Neno moja likieleweka vibaya, mzigo mzima hufika usiouzika.

Mutanga Sud ni mtaa wa makazi ulio jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Huko nguo za ofisini, za chuoni na za harusi zina wateja. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani, Kifaransa ni cha shule na ofisi, na Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014. Kiswahili kina nguvu sokoni na katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wengi walitawanyika kwenye masoko mengine na maduka ya mitaani. Kwa hiyo oda inaweza kutoka kwa muuzaji ambaye msafirishaji hajawahi kumwona, na karatasi ya oda ndiyo pekee inayosema anataka nini.

Yafuatayo ni maneno ambayo anayeanza biashara hii anapaswa kuyajua, pamoja na yale yanayodanganya.

MANENO YANAYOFANANA LAKINI SI NGUO MOJA

– Veste. Bujumbura neno hili ni koti, hasa koti la suti. Kampala, Nairobi au Dar es Salaam ukisema "vest", unaletewa singlendi, yaani fulana ya ndani isiyo na mikono. Tofauti ni herufi moja tu. Mtu aliyeagiza dazeni 5 za veste kwa ajili ya wateja wa ofisini akiletewa singlendi 60, hana wa kumlaumu ikiwa oda ilitumwa kwa ujumbe mfupi wa simu bila maelezo.

– Chemise. Kwa Kifaransa ni shati, na kwa kawaida shati la kiume lenye kola na vifungo. Kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya, shimizi ni vazi la ndani la kike linalovaliwa chini ya gauni. Shati la kike huitwa chemisier, nalo ndilo lililo karibu na blauzi.

– Slip. Kwa Kifaransa ni chupi. Kwenye lebo ya Kiingereza ni shimizi.

– Robe. Kwa Kifaransa ni gauni la kawaida. Kwa Kiingereza ni joho, au vazi la kujifunika baada ya kuoga.

– Costume. Bujumbura ni suti ya kiume: koti na suruali vya kitambaa kimoja. Kwenye lebo ya Kiingereza ni mavazi ya maigizo au ya sherehe za kujipamba.

– Tailleur. Lina maana mbili: fundi cherehani, na suti ya kike ya koti na sketi. Mteja akiandika "tailleur 10", anataka suti 10 za kike.

– Jersey. Kwa Mswahili jezi ni nguo ya mchezo. Kwa Mfaransa jersey ni aina ya kitambaa chepesi kinachovutika. Nguo ya timu huitwa maillot. Tena maillot de bain ni vazi la kuogelea, kwa hiyo neno lisikatwe katikati.

– Culotte. Kwa Kifaransa cha Ufaransa ni chupi ya kike, lakini katika Kifaransa cha Afrika wengi husema culotte wakiwa na maana ya kaptula. Kwenye lebo za Kiingereza "culottes" ni suruali pana ya kike inayoishia chini ya goti. Neno hili lisikubaliwe kabisa bila picha.

– Baskets. Ni viatu vya raba. Havina uhusiano na kikapu, wala si lazima viwe vya mpira wa kikapu.

– Taille. Ni saizi, na pia ni kiuno. "Taille 40" ni saizi ya 40. "Tour de taille 80" ni mzunguko wa kiuno wa sentimita 80.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Fulana kwa wengi wa Tanzania ni ile ambayo Wakenya huita tisheti, lakini Nairobi fulana huweza kueleweka kuwa ni vazi la ndani. Rinda kwa Mkenya ni gauni. Kwa Mtanzania marinda ni mikunjo iliyopigwa pasi kwenye sketi, kama zile za sare za shule. Oda ya "rinda za wasichana" inaweza kuleta nguo mbili tofauti kutegemea imenunuliwa Gikomba au Kariakoo.

MAJINA MENGINE YA KILA SIKU

Haya hayana utata mkubwa, na kuyajua kunarahisisha mazungumzo na mteja wa Bujumbura:

– Pantalon: suruali.
– Jupe: sketi.
– Pull: sweta.
– Gilet: kizibao, kile kinachovaliwa chini ya koti la suti. Wengine husema gilet wakimaanisha sweta la vifungo, hivyo ulizia.
– Cravate: tai.
– Collant: taiti.
– Soutien-gorge: sidiria.
– Chaussettes: soksi.
– Ceinture: mkanda.
– Manches longues, manches courtes: mikono mirefu, mikono mifupi.
– Col: kola au ukosi.
– Doublure: bitana, kitambaa cha ndani cha koti au gauni.
– Fermeture: zipu.
– Sur mesure: nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mvaaji mwenyewe.
– Prêt-à-porter: nguo iliyo tayari, iliyoshonwa kiwandani kwa saizi za kawaida.

VITENGE, KANGA NA MAVAZI YA SHEREHE

Kitenge huitwa igitenge kwa Kirundi na pagne kwa Kifaransa. Katika bidhaa hii mambo mawili hugombanisha watu: aina na kipimo.

Kuhusu aina, neno "wax" maana yake halisi ni kitambaa kilichotiwa rangi kwa njia ya nta, ambapo rangi hupenya pande zote mbili. Kitenge cha bei nafuu huchapwa upande mmoja. Njia rahisi ya kutambua ni kukigeuza: kama upande wa nyuma umefifia, basi si wax, hata kama maandishi ya pembeni yanasema hivyo. "Wax hollandais" ni wax ya Uholanzi, na kampuni inayojulikana zaidi kwa kitambaa hicho ni Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846. Nakala zake ni nyingi sokoni. Muuzaji akisema "hollandais", huenda anataja muundo wa maua tu na siyo mahali kilipotengenezwa. Bei ya vitu hivyo viwili haikaribiani, kwa hiyo swali hili liulizwe kabla ya malipo.

Kuhusu kipimo, kitenge huuzwa kwa yadi. Yadi 1 ni sentimita 91.44. Yadi 6 ni karibu mita 5.5, na yadi 12 ni karibu mita 11. Tatizo liko kwenye neno "pisi". Kuna anayeita yadi 6 pisi nzima, na kuna anayeita pisi nzima yadi 12. Aliyelipia pisi 40 akitarajia yadi 480 anaweza kupokea yadi 240, na muuzaji akaapa kwamba ametimiza oda. Dawa yake ni kuandika jumla ya yadi, si idadi ya pisi.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani jozi ya vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, ambayo ni maandishi yaliyo chini ya mji. Asiyezoea huweza kuhesabu doti 100 kama vipande 100, kumbe ni 200.

Imvutano ni vazi la heshima la wanawake wa Burundi, linaloonekana sana kwenye harusi na sherehe za mahari. Ni kitambaa chepesi kinachofungwa kiunoni, na kingine hupita begani. Hakikatwi kama gauni, kwa hiyo anayeleta kitambaa chake aulize urefu na wepesi wa kitambaa kuliko saizi.

Dera ni gauni pana la mwambao, la mikono mipana. Kaunda suti ni suti isiyohitaji tai, maarufu Tanzania na Zambia. Ndugu yake wa Kongo, abacost, ilikuwa vazi la wakuu wakati wa utawala wa Mobutu. Jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuipiga vita suti ya Kizungu.

VITAMBAA NA LEBO

Lebo ya ndani husema nguo imetengenezwa kwa nini. Kwa Kifaransa: coton ni pamba, laine ni sufu, soie ni hariri, lin ni kitani, cuir ni ngozi, velours ni mahameli, na dentelle ni lesi. Polyester ni uzi wa kiwandani: haikunjiki ovyo na hukauka upesi, lakini huleta joto, jambo ambalo mvaaji wa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika huligundua siku ya kwanza. Viscose ni laini na huanguka vizuri mwilini, ila huweza kusinyaa ikifuliwa vibaya.

Asilimia zilizo kwenye lebo zisomwe zote. "Coton 35%, polyester 65%" si shati la pamba, na lisiuzwe kwa jina hilo.

Alama ndogo za ufuaji nazo zina maana moja kila nchi. Beseni ni kufua kwa maji. Likiwa na mkono ndani yake, nguo ifuliwe kwa mkono. Pembetatu ni dawa ya kung'arisha. Mraba ni kukausha. Pasi ni pasi, na vitone vikiongezeka moto unaruhusiwa kuwa mkali zaidi. Duara ni kazi ya dobi wa dawa. Alama yoyote iliyopigwa msalaba ni katazo.

SAIZI

Hapa namba moja huwa na maana tofauti kwa kila nchi. Kwa magauni, sketi na blauzi za kike:

– Ufaransa na Ubelgiji 36: Uingereza 8, Marekani 4, Ujerumani 34.
– Ufaransa na Ubelgiji 38: Uingereza 10, Marekani 6, Ujerumani 36.
– Ufaransa na Ubelgiji 40: Uingereza 12, Marekani 8, Ujerumani 38.
– Ufaransa na Ubelgiji 42: Uingereza 14, Marekani 10, Ujerumani 40.
– Ufaransa na Ubelgiji 44: Uingereza 16, Marekani 12, Ujerumani 42.

Anayeagiza "saizi 10" bila kutaja nchi anaweza kupata nguo ya 38 au ya 42 kwa hesabu ya Kifaransa. Tofauti hiyo yatosha kumfanya mteja airudishe.

Kwa makoti ya suti ya kiume, toa 10 kwenye namba ya Ulaya kupata namba ya Uingereza na Marekani: 50 ni 40, na 52 ni 42. Kwa mashati, kola ya sentimita 38 ni inchi 15, ya 41 ni inchi 16, na ya 43 ni inchi 17. Kwa jinzi, W32 L34 maana yake kiuno inchi 32 na urefu wa mguu inchi 34. TU ni taille unique, yaani saizi moja kwa wote.

Herufi S, M, L na XL hazina kipimo kimoja duniani. Nguo zinazotengenezwa kwa soko la Asia mara nyingi ni ndogo kuliko za Ulaya zenye herufi ileile. Njia salama ni kuomba vipimo vya sentimita vya kifua, kiuno na urefu.

MITUMBA

Mtumba kwa asili ni furushi. Ndiyo maana nguo zilizotumika zinazokuja zimefungwa pamoja zikaitwa mitumba. Rwanda huziita caguwa, kutokana na neno la Kiswahili chagua, na neno hilo linaeleweka Burundi pia. Uganda husema mivumba, na Zambia salaula. Kwa Kifaransa ni friperie, na furushi lenyewe ni ballot. Tanzania huita belo au robota.

Belo za kilo 45 hadi 55 ni za kawaida, lakini zipo kubwa zaidi. Anayenunua aulize mambo matatu: uzito, aina ya nguo, na daraja. Belo "mchanganyiko" ina kila kitu. Belo "ya aina" ina nguo za namna moja, kama mashati ya kiume au magauni ya watoto. Daraja la kwanza ni nguo zisizo na doa wala tundu. Nairobi nguo iliyo bora kabisa katika belo huitwa kamera, na mabaki baada ya wateja kuchagua huitwa fagia. Mtu anayenunua fagia kwa bei ya kamera huwa hakuuliza maana ya maneno hayo.

Tahadhari mbili kwa wasafirishaji. Kwanza, Tanzania imepiga marufuku kuingiza nguo za ndani za mitumba, na Shirika la Viwango (TBS) limekuwa likifanya misako. Belo mchanganyiko inaweza kuzificha. Pili, nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi haziruhusiwi kwa raia Tanzania na Uganda, hata zikiwa za mtindo tu. Dereva asikubali kuzibeba kwa maelezo kwamba "ni fasheni".

MANENO YA MPAKANI

Mamlaka ya mapato ya Burundi ni OBR, iliyoundwa mwaka 2009. Kwenye karatasi zake na za mawakala, msafirishaji atakutana na maneno haya:

– Douane: forodha.
– Déclarant: wakala wa forodha.
– Facture: ankara.
– Colis: kifurushi kimoja cha mzigo.
– Poids brut, poids net: uzito pamoja na ufungaji, uzito wa bidhaa peke yake.
– En gros, au détail: kwa jumla, kwa rejareja.
– Certificat d'origine: cheti cha asili ya bidhaa.

Jina la nguo kwenye ankara ndilo linaloamua kodi. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha, sura ya 61 ni nguo za kitambaa cha vitanzi kinachovutika, kama fulana na sweta. Sura ya 62 ni nguo za kitambaa cha mtande na mshindio, kama mashati ya ofisini na jinzi. Namba 6309 ni nguo zilizotumika. Viatu viko sura ya 64.

Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nguo mpya kutoka nje ya Jumuiya ziko kwenye kiwango cha asilimia 35, kilichoanza kama daraja la juu tarehe 1 Julai 2022. Kanga, kikoi na kitenge ziko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia 50. Mitumba hutozwa kwa thamani au kwa kilo, kutegemea ni hesabu ipi inayoleta kodi kubwa, kwa hiyo uzito wa belo uandikwe ulivyo. Nchi wanachama huomba mabadiliko ya viwango kila mwaka wa fedha, kuanzia Julai. Wakala wa forodha aulizwe kiwango cha mwaka husika.

Neno linalowapoteza wengi ni "asili". Asili ya nguo ni mahali ilipotengenezwa, si mahali iliponunuliwa. Gauni la China lililonunuliwa Kariakoo bado ni la China, na belo ya Ulaya iliyofunguliwa Kampala bado si ya Uganda. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, wenye cheti chepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kitambaa kilichofumwa Tanzania kinaweza kunufaika. Mitumba haiwezi.

Mizigo ya Dar es Salaam huingia Burundi hasa kupitia Kabanga na Kobero. Njia nyingine ni Manyovu na Mugina, au majini kutoka Kigoma. Hali ya mipaka hubadilika: Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na upande wa Gatumba na Uvira hutegemea usalama wa mashariki mwa Kongo. Msafirishaji apate taarifa ya siku hiyo kabla ya kupakia.

JINSI YA KUANDIKA ODA

Oda nzuri ina mambo saba: jina la nguo kwa lugha mbili, jinsia au umri wa mvaaji, kitambaa, saizi pamoja na nchi ya saizi hiyo, rangi, idadi kwa vipande, na kama ni mpya au mtumba. Mfano:

"Veste, yaani makoti ya suti ya kiume, mapya, yenye bitana, polyester na viscose. Saizi za Ulaya: 48 vipande 12, 50 vipande 24, 52 vipande 12. Rangi nyeusi na bluu iliyoiva. Jumla vipande 48. Picha imeambatanishwa."

Muuzaji ajibu kwa kuirudia oda kwa maneno yake mwenyewe na kutuma picha ya lebo, siyo ya nguo pekee. Msafirishaji apewe nakala, ahesabu vifurushi na kufananisha majina na ankara kabla ya turubai kufungwa. Kosa likionekana Kariakoo, hurekebishwa kwa kutembea maduka mawili. Likionekana Kobero, tayari kuna nauli iliyolipwa, kodi inayosubiri, na mteja wa Mutanga Sud ambaye harusi yake haiahirishwi.